Sura ya Nne: Tope la Motoine

Kabla hujaendelea kusoma, chukua bilauri ya kioo, tia konzi moja ya udongo wa nje ya mlango wako, jaza maji, koroga kwa kijiko, kisha iache dirishani uende zako. Hata hujafika jikoni kurudisha kijiko, mchanga umeshakaa chini. Baada ya saa moja, juu ya mchanga kutakuwa na tabaka laini la kahawia. Kesho asubuhi maji yatakuwa yameanza kung'aa, na juu ya tope lote utauona utando mwembamba, laini kama ule wa maziwa yaliyopoa. Sura hii inahusu utando huo.

Kemikali nyingi zilizotoka viwandani katika miaka mia moja iliyopita hazipendi kuelea. Risasi, zebaki, DDT, masizi ya dizeli: zote hung'ang'ania chembe ndogo za udongo na za majani yaliyooza, na chembe hizo zikipata maji yaliyotulia hushuka nazo. Mwaka huu unafunika wa jana, mwaka ujao utafunika wa leo. Ziwa ni bilauri ambayo hakuna aliyeikoroga. Ukizamisha bomba katika tope lake na kulitoa wima bila kulitikisa, unapata nguzo ambayo juu yake ni leo na chini yake ni enzi za mababu.

Watu wamezisoma nguzo hizo kwa namna za kustaajabisha. Mwaka 1994, Ingemar Renberg na wenzake walionyesha kwamba tope la maziwa ya Sweden lina risasi iliyopeperushwa na upepo kutoka kwenye tanuri za Wagiriki na Warumi, miaka elfu mbili iliyopita. Huku kwetu, Dirk Verschuren na wenzake walitoa nguzo katika kreta ya Crescent Island, Naivasha, na mwaka 2000 wakachapisha historia ya mvua na ukame ya miaka 1,100. Miaka miwili baadaye wakaja na habari za Ziwa Viktoria: mwani ulianza kuzidi tangu miaka ya 1930, na kilindi kikaanza kukosa hewa mapema miaka ya 1960, yaani kabla samaki mbuta hajatapakaa na kubebeshwa lawama zote. Wavuvi hawakuwa na habari. Tope lilikuwa nayo.

Nairobi haina ziwa. Ina maji baridi, na ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Wamaasai, na reli ilipofika Mei 1899 ilikuta kinamasi cha mafunjo pale chini tunapopaita mjini. Kinamasi ni bilauri nzuri sana. Wenye mji wakakiona ni nyumba ya mbu, wakakikausha, wakajenga. Baada ya hapo Mto Nairobi haukuwa tena na pahali pa kukaa na kutua mzigo. Unatoka Ondiri kule Kikuyu, unakatiza Dagoretti na Kawangware, unapita Chiromo na Museum Hill, unafika Globe na kuingia nyuma ya gereji za Kirinyaga Road, ambayo mafundi wengi bado wanaiita Grogan. Pale ndipo oili chafu humwagwa, na rangi za kupulizia magari, na maji ya betri. Mto hausubiri. Unauchukua mzigo huo mashariki hadi Athi, unaruka nao Fourteen Falls, Athi inageuka Galana, Galana inageuka Sabaki, na Sabaki inaumwaga baharini kaskazini kidogo ya Malindi.

Huko Malindi liko tumbawe moja kubwa lenye umri wa miaka 300 hivi. Tumbawe hukua kwa pete za mwaka kama mti, na katika kila pete huhifadhi bariamu kidogo inayokuja na udongo wa mto. Watafiti walilitoboa, wakahesabu, na mwaka 2007 wakaeleza: kuanzia 1700 hadi 1900 udongo wa Sabaki ulikuwa ule ule mwaka baada ya mwaka, baada ya 1900 ukaanza kupanda, na kati ya 1974 na 1980 ukafika mara tano hadi kumi ya ule wa asili. Bariamu ni habari ya mmomonyoko, si ya viwanda, na udongo huo haukutoka Nairobi peke yake. Hata hivyo nimekitaja kisa hicho kwa sababu kinanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Mji usiotunza kumbukumbu zake umelazimika kuzisomea kwenye tumbawe, umbali wa safari ya usiku kucha kwa basi.

Lakini pako pahali pamoja, magharibi ya mji, ambapo maji yalisimamishwa kwa makusudi.

Mwaka 1953, koloni likiwa chini ya Hali ya Hatari, wakuu wa mji walijenga tuta kukinga mto Motoine, kati ya Kibera na barabara ya Lang'ata. Walitaka akiba ya maji ya dharura. Wakapata bwawa la takriban hekta 35, lenye kina cha wastani kisichofika mita tatu, nalo likaitwa Nairobi Dam. Akiba ikageuka starehe: watu walivua samaki, waliogelea, na klabu ya mashua za tanga ikawa na makao yake ukingoni. Kuna wazee Nairobi ambao bado wanakumbuka matanga meupe yakipita mbele ya mabati ya Kibera. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 gugumaji lilikuwa limelifunika bwawa lote, na mtu asiyejua angedhani ni uwanja.

Sasa, ukimuuliza mwenyeji nani aliharibu bwawa hilo, atakujibu bila kufikiri: viwanda. Industrial Area. Nami nilikuwa nikijibu hivyo hivyo, hadi siku nilipokaa na ramani nikaifuata ile mistari ya buluu kwa kidole. Motoine huanzia pande za Dagoretti, hupita msitu wa Ngong na uwanja wa mbio za farasi, hupita Jamhuri, huteremka Kibera, huingia bwawani. Ukitoka upande wa pili unaitwa Ngong River, na ndipo unapoelekea South B, Mukuru na Industrial Area. Viwanda viko chini ya bwawa, na maji hayapandi mlima. Hakuna hata tone moja la mtaro wa Industrial Area lililowahi kuingia Nairobi Dam.

Kwa hiyo kilichomo katika tope lile kilitoka magharibi: mashambani, barabarani, mapaani, majikoni. Ni kemikali za viwandani, naam, ila ziliingia bwawani baada ya kununuliwa, na pengine stakabadhi ilitolewa.

Chukua zinki. Wasomaji wa vipimo wakiona zinki nyingi kwenye tope huanza kutafuta kiwanda cha kupaka chuma. Kumbe bati jipya lote limevishwa zinki, ndiyo inayolifanya ling'ae, na kila mvua huosha kidogo. Lile bati linaloanza kuwa na kutu baada ya miaka kadhaa ni bati lililokwisha kuoshwa. Zinki yake imekwenda wapi? Imeshuka na mfereji. Ongeza magurudumu ya magari yanayosagika kwenye lami ya Ngong Road, maana nayo yana zinki. Ongeza shaba ya mrututu waliokuwa wakinyunyizia mikahawa ya Dagoretti na Kikuyu. Ongeza mawe ya redio na tochi yaliyotupwa yakapasuka. Huhitaji dohari hata moja.

Risasi ndiyo yenye kisa kirefu.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa vitu viwili, metali na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na sioni sababu ya kulilalamikia. Nilipokuwa mtoto, fundi wa gari mtaani kwetu alikuwa akihamisha petroli kwa mpira na mdomo. Anafyonza, anasubiri, anatema, anauchomeka mpira kwenye mtungi. Siku moja nikamuuliza, "Mjomba, hiyo si sumu?" Akafuta mdomo kwa mkono. "Sumu ni njaa, mwanangu. Hebu nishikie mtungi." Petroli ile, kama petroli yote ya Kenya wakati huo, ilikuwa imetiwa risasi.

Aliyeitia kwanza alikuwa Thomas Midgley wa General Motors, mwaka 1921, ili kuzuia injini isigonge. Kiasi chake kwa lita ni kidogo mno, chini ya gramu moja. Lakini kila lita iliyochomwa ilikitoa kiasi hicho kwa njia ya ekzosi, na metali haiozi. Mwaka 1965 Mmarekani Clair Patterson, mtu aliyekuwa ameipima dunia umri wake kwa kutumia risasi ya vimondo, aliandika kwamba watu wa nchi za viwanda walikuwa wamebeba risasi nyingi kupita kiasi miilini, na kwamba chanzo chake si maumbile. Makampuni yalimpiga vita. Marekani ikaanza kuipunguza katika miaka ya 1970. Sisi tukaendelea kuijaza.

Uamuzi wa Afrika ulifanywa Dakar, Juni 2001: nchi za kusini mwa Sahara zikakubaliana kuiacha petroli hiyo. Kenya iliiacha mwisho wa mwaka 2005. Na hapa mji wetu una sehemu ya kujivunia, kwa kuwa waliosukuma kampeni hiyo duniani kote ni Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake pale Gigiri. Agosti 30, 2021, walitangaza kutoka Nairobi kwamba nchi ya mwisho, Algeria, ilikuwa imeacha kuiuza mwezi Julai.

Katika nguzo ya tope, hayo yote ni mstari unaopanda kisha unashuka. Mlima wa aina hiyo umeonekana katika maziwa ya Ulaya na Amerika, na katika kila nchi una kilele chake, kulingana na mwaka iliyoamua kuacha. Tena risasi ina nasaba. Atomu zake hutofautiana kidogo kwa uzito, na mchanganyiko wake hutegemea umri wa mwamba ilikochimbwa. Kwa miaka mingi risasi ya petroli ya Uingereza ilibeba alama ya miamba ya kale ya Broken Hill, Australia, na alama hiyo imeonekana katika matope ya Ulaya, mbali kabisa na mgodi wenyewe. Tahadhari kidogo hapa: kuna Broken Hill nyingine, ile ya Zambia inayoitwa sasa Kabwe, ambayo nayo ilikuwa mgodi wa risasi hadi 1994, na ambako watoto hadi leo wanacheza juu ya udongo wenye sumu. Msomaji asizichanganye, ingawa shetani ni mmoja.

Vipi basi mtu anajua tope hili ni la 1970 na lile la 1990? Saa yenyewe, ajabu, ni risasi. Ardhini kuna radiamu, nayo hutoa gesi ya radoni, gesi inapanda hewani, huko inageuka hatua kwa hatua hadi kuwa risasi nururifu, risasi-210, na mvua inaishusha. Kila baada ya miaka 22 na kitu, nusu yake hutoweka. Kwa hiyo tope la juu lina nyingi, la miaka 22 lina nusu, la miaka 44 lina robo, na baada ya miaka 150 hivi hakuna cha kupima. Saa ya pili ni sesiamu-137, ambayo haikuwapo duniani kabla ya mabomu ya nyuklia. Ilinyesha kwa wingi zaidi mwaka 1963, mwaka ambao majaribio ya angani yalipigwa marufuku kwa mkataba. Huku ikweta alama hiyo ni hafifu kuliko kaskazini, lakini ipo: mwaka wetu wa Uhuru, kwenye tope, una chapa ya bomu.

Nairobi Dam ina saa ya tatu ambayo Naivasha haina, nayo haihitaji mashine. Ukiteremsha bomba hadi mwisho, tope jeusi laini linakoma ghafla, na chini yake kuna udongo mgumu wa mfinyanzi wenye mizizi ya nyasi: malisho ya kabla ya 1953. Huna haja ya kukadiria. Tarehe ya ukurasa wa kwanza unaijua.

Ngoja nikueleze nguzo ya namna hiyo inavyofunguliwa, maana nusu ya elimu iko mikononi. Bomba ni la plastiki angavu, unene wa mkono. Linasimamishwa juu ya kigingi chenye mpira, na tope linasukumwa kutoka chini kwenda juu, sentimita moja kwa wakati mmoja, huku mwingine akikata kwa kisu bapa kisicho cha chuma, kama anayekata sabuni ya mche. Kila kipande kinaingia mfukoni mwake na nambari yake. La juu linatiririka kama uji, la kati linashikika, la chini linakatika kama jibini. Rangi zinabadilika: kahawia, kijivu, nyeusi tititi. Harufu ni ya yai viza, kwa sababu chini hakuna oksijeni na vijidudu vinapumua salfeti badala ya hewa. Katika bwawa la mjini, mara bomba hukwama: kuna mfuko wa nailoni umelala kifudifudi ndani ya tope. Watu wa maabara hukasirika. Mimi naona ni tarehe nyingine, kwani mifuko hiyo ilipigwa marufuku Agosti 28, 2017, na siku moja tabaka lake litasomwa kama lile la sesiamu.

DDT nayo ina namna yake ya kujisema. Paul Müller aliigundua nguvu yake ya kuua wadudu mwaka 1939, akapata tuzo ya Nobel 1948, na baada ya vita ikamwagwa kila mahali: mashambani, vyumbani, vinamasini. Kenya iliikataza katika kilimo mwaka 1986. Ikishuka topeni haikai ilivyo. Polepole inageuka DDE penye hewa, na DDD pasipo hewa. Hivyo mpimaji haulizi tu ni kiasi gani, anauliza pia imezeeka kiasi gani. DDE na DDD zikizidi sana, ni dhambi ya zamani. DDT mbichi ikionekana kwenye sentimita za juu, basi kuna mtu bado ana mkebe wake stoo.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wataalamu. Tia kijiko kimoja cha sukari kwenye kikombe cha chai, kisha kijiko hicho hicho kwenye birika. Sukari ni ile ile, utamu si ule ule. Mvua inapokomba udongo wa miteremko iliyojengwa bila mpango na kuutupa bwawani, sumu ya mwaka ule inazama ndani ya udongo mwingi na kipimo kinashuka. Mtu akisoma harakaharaka atatangaza kwamba hali imekuwa nzuri. Ndiyo maana lazima ujue pia tope limejaa kwa kasi gani, na ndiyo maana nina shaka na ripoti yoyote inayochota tope la juu kwa ndoo, ikalipima mara moja, na kutoa hukumu.

Nina shaka pia na kidole kinachoelekezwa Kibera kila bwawa hili linapotajwa. Kinyesi kilichomo ni kweli, na sababu yake ni kweli: mtaa uliokuwa msitu wa makazi ya askari wa Kinubi ulikuja kujazwa watu bila kupelekewa mabomba ya majitaka. Kinyesi huoza. Mbolea yake ndiyo iliyolinenepesha gugumaji. Lakini risasi haikutoka kwenye vyoo vya shimo. Ilitoka kwenye ekzosi, na wakati petroli ilipokuwa na risasi, wenye magari katika bonde la Motoine hawakuwa wakazi wa Kibera.

Siku hizi sehemu kubwa ya bwawa si maji tena. Tope limepanda hadi likawa shamba, na watu wanapanda nduma, sukuma wiki na miwa. Nduma hupenda tope jeusi. Kila baada ya miaka michache hutangazwa kwamba bwawa litachimbuliwa na kurudishwa lilivyokuwa, na wazo lenyewe silipingi, maana mji unaofurika kama ulivyofurika Aprili na Mei 2024 unahitaji kila bwawa ulilonalo. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, kabla ya tingatinga, watu wawili na mtumbwi waingie na mabomba kumi, wafanye kazi ya siku tatu. La pili ni zito zaidi. Metali katika tope lile zimefungwa na salfaidi, ile ile yenye harufu ya yai viza, na maadamu ziko gizani bila hewa zinatulia. Ukilianika tope juani, oksijeni inaingia, salfaidi inavunjika, asidi inatoka, na zinki na kadimi na risasi zinapata tena miguu ya kutembea. Atakayepewa lori la tope hilo akamwage kwenye shamba lake kama mbolea ya bure anastahili kuambiwa mapema. Nami ningependa kujua lori litaelekea wapi.

Nilisimama juu ya tuta asubuhi moja, upande wa Lang'ata. Ng'ambo ya barabara ni Wilson, uwanja wenye jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha kampuni yake ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929. Magari yaliacha risasi mwisho wa 2005. Ndege ndogo za pistoni hazijaacha. Mafuta yake, Avgas, bado hutiwa risasi mpaka leo, hapa na karibu kote duniani, kwa sababu ile ile ya Midgley, injini isigonge. Chini yangu mwanamke mmoja alikuwa ameinama akichimba nduma, tope likimfika kwenye mashavu ya miguu. Injini ikavuma, ndege nyeupe ya viti vinne ikainuka juu ya mabati, ikageuka kushoto juu ya bwawa. Mwanamke hakuinua kichwa. Majani ya nduma yalitikisika kidogo, yakatulia.